Namna Ridhaani Ilivyong'oa Wimbo Wake

Sitaeleza njia niliyopita mpaka nikafika Ridhaani, kwa sababu wakati ule sikuwa mtu wa kuangalia njia. Mke wangu Asteria alikuwa amefariki, matanga yalikuwa yamekwisha, wageni wamerudi makwao, nami nikabaki na nyumba iliyo kimya. Nikatoka. Mtu akitoka kwa namna hiyo hufika popote, na mimi nilifika Ridhaani. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona na kuyasikia huko, na nayaandika sasa kabla hayajaanza kunitoka.

Ridhaani ni nchi safi yenye watu wapole kupita kiasi. Sheria yao kuu ina mstari mmoja tu: jambo litafanyika ikiwa hakuna anayelipinga. Juu ya mstari huo wamejenga kila kitu. Bendera yao ni kitambaa kitupu, maana kila rangi ilikuwa na mtu asiyeipenda. Barabara yao kubwa inatoka mjini, inazunguka, inarudi mjini, kwa kuwa hakuna wilaya iliyokubali ianze kupita kwa jirani. Nilipouliza jina la rais wao nikaambiwa kwamba wanaye, ni mtu mzuri sana, ila jina lake bado liko kwenye majadiliano.

Watu wa huko wakikutana hawaulizani wameamkaje. Mmoja husema, "Una pingamizi?" Mwenzake hujibu, "Ninalo, nashukuru. Na wewe?" Katika kila jambo la taifa, mtu hupewa pingamizi moja, na asiyelitumia huonekana kama mtu aliyealikwa harusini akaondoka bila kuonja pilau. Mimi nilijibu "Sina" kwa yeyote aliyenisalimu, na wote wakaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa ambaye mwenyewe hajaambiwa.

Serikali ilinipa mwenyeji, bwana wa makamo aitwaye Ndugu Pazi, Afisa wa Wageni, mwenye tai isiyo na rangi yoyote niliyoweza kuitaja. Siku ya kwanza tu alinikabidhi koleo dogo la kung'olea misumari.

"La nini hili?" nikamuuliza.

"La pingamizi lako, mzee. Mgeni akishalala kwetu na kula kwetu, anakuwa na lake moja kama sisi."

"Mimi sina cha kupinga."

"Litakuja," akasema, akanipiga bega taratibu. "Hewa ya huku husaidia."

Nikalitia mfukoni. Akanipeleka kulala kwa mama mmoja mwenye mgahawa nyuma ya posta, akiitwa Bi Masika. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande wa pili wa uwanja. Aliniwekea sahani, akakaa mbele yangu bila kukaribishwa.

"Pazi kanambia una msiba. Pole, baba. Ni nani?"

"Mke wangu."

"Alikuwa mpishi?"

"Alijitahidi. Chumvi ilikuwa inamzidi."

"Basi leo nitakuzidishia."

Akazidisha kweli. Katika nchi ile nzima hicho ndicho chakula pekee nilichokula chenye ladha, kwa kuwa mikahawa ya umma hupika bila chumvi, bila pilipili na bila kitunguu, kwa ridhaa ya wote.

Nilifika wakati nchi inajiandaa kwa Mashindano ya Nyimbo za Mataifa. Nchi zote za upande ule hushiriki. Kila moja huimba kutoka kwake, picha zikirushwa kwenye televisheni za wengine, kisha watu hupiga simu kupigia kura wimbo wa nchi waupendao, isipokuwa wa nchi yao. Ridhaani haijawahi kukosa kushiriki, wala haijawahi kupata kura. Ndugu Pazi alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Hata kura moja?" nikauliza.

"Hata moja. Tangu yaanze."

"Na hamwoni kwamba mnashindwa?"

"Mzee wangu, kura ni mtu aliyependa. Akiwepo aliyependa, lazima yupo na aliyechukia. Sisi hatujawahi kuchukiwa na mtu. Nchi gani nyingine inaweza kusema hivyo?"



Wimbo wa mwaka ule ulikuwa wa Bi Masika. Ulichaguliwa kwa sababu katika hatua ya kwanza ndio wimbo pekee uliokosa wa kuupinga, nao ulikosa wa kuupinga kwa sababu hakuna aliyekuwa ameusikia. Aliniimbia akiwa anachambua mchele. Maneno yake yalikuwa haya:

*Feruzi mwanangu, jua limezama,*
*wali u mezani, samaki wa nazi.*
*Baba yako hayupo, mlango u wazi,*
*njoo ule, Feruzi, njoo ule.*

Alipomaliza alichukua mwiko, akagonga kifuniko cha sufuria. Kilikuwa kifuniko cha bati chenye kibonyeo upande mmoja. Aligonga mara mbili, akanyamaza kidogo, akagonga mara tatu.

"Ndivyo nilivyokuwa nikimwita akiwa mpirani," akasema. "Mbili za kumwita. Halafu nanyamaza, apate nafasi ya kuwadanganya wenzake kwamba anakwenda kunywa maji. Halafu tatu za kumwambia wali unapoa na mimi si mjinga."

"Yuko wapi sasa?"

"Aliondoka baada ya kumzika baba yake. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo hata kaburi linahitaji kikao. Nchi gani, sijui. Simu yake haipatikani. Lakini Feruzi namjua, hapitwi na mashindano, hata ya kukimbia na magunia. Popote alipo, siku hiyo atakuwa mbele ya televisheni na mdomo wazi." Akapeta mchele. "Sitaki kushinda, baba. Nataka asikie jina lake tu. Likifika jina, mengine atajaza mwenyewe."

Baada ya siku chache nilialikwa kuhudhuria kikao cha Halmashauri ya Wimbo. Nilidhani nitasikia watu wakiimba. Nikakuta ukumbi wenye ukuta mmoja mrefu wa mbao. Kila neno la wimbo lilikuwa limeandikwa kwenye kipande chake cha mti na kupigiliwa ukutani kwa msumari, mstari juu ya mstari. Kwenye mabenchi walikaa wajumbe wa majimbo, kila mmoja na koleo mapajani. Kazi yao ilikuwa ndogo na ya heshima: kila mjumbe ana haki ya kung'oa neno moja linaloudhi jimbo lake, na akiling'oa analing'oa kila mahali lilipo. Hakuna haki ya kuongeza neno. Nilipouliza kwa nini, Ndugu Pazi alishtuka, akasema neno jipya litaleta wapingaji wapya na watu wana familia zinawasubiri.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Shangama, mzee mrefu mwenye adabu, ambaye alikohoa kila alipotaka kusema, kisha akaomba radhi kwa kukohoa, kisha akaomba radhi kwa wale wasiopenda kuombwa radhi.

"Kikao kilichopita kilishughulikia ala," akatangaza. "Ngoma imeondolewa kwa kuwa ni ya kaskazini. Zeze limeondolewa kwa kuwa si la kaskazini. Filimbi ililalamikiwa na wenye pumu. Bi Masika amekubaliwa kutumia chombo ambacho hakuna jimbo linalokidai. Mama, kionyeshe."

Bi Masika akainua kifuniko chake. Wajumbe wakakiangalia, wakaguna kwa kuridhika.

Wakaanza. Mjumbe wa majimbo ya muhogo akang'oa "wali", akieleza kwamba hana ugomvi na wali wenyewe, ila ukitajwa peke yake mbele ya mataifa itaonekana wengine hawali. Wa nyanda za juu akang'oa "nazi". Wa kule kusiko na ziwa wala mto akang'oa "samaki", machozi yakimlengalenga. Mjumbe wa mambo ya utalii akasema vipeperushi vyote vya nchi vinaahidi jua, hivyo "jua" libaki lakini "limezama" litoke. Mwenzake akasimama akasema jua likibaki peke yake litasababisha ukame, akaling'oa.

Kila kipande kiliponyofoka kilitumbukizwa kwenye kikapu miguuni pa Bi Masika, kwa kuwa sheria inasema maneno ni mali ya mwenyewe. Aliyapokea. Mwanzoni hata alitabasamu.

Idara ya mipaka ikang'oa "mlango", na jirani yake akamalizia "wazi". Neno "njoo" lilichukuliwa na mama mmoja wa vibali, aliyesema huwezi kuwaambia watu njoo hadharani bila kuwaeleza masharti. "Ule" liliondoka kwa sababu linaweza kueleweka kwamba kuna mtu hajala. "Baba" lilipingwa na akina mama, "yako" na wale wasiopenda kunyooshewa kidole, na "mezani" na watu wa jimbo wanaokula wakiwa wamekaa chini. "Mwanangu" lilitoka bila mjadala mrefu. Kale ka "u" ka wali na mlango kaling'olewa na mzee mmoja aliyelala muda wote. Alipoamshwa akasema alikuwa amekalenga tangu asubuhi. Mheshimiwa Shangama mwenyewe alisimama kwa ajili ya "hayupo".

"Tukisema hayupo," akakohoa, akaomba radhi, "watauliza yuko wapi. Na sisi hatujakubaliana."

"Yuko kaburini, mheshimiwa," akasema Bi Masika. "Ulikuja kuzika."

"Nilikuja, mama, na pole tena. Lakini niliondoka kabla ya kufukiwa, kwa hiyo siwezi kuithibitishia Halmashauri."

Akaling'oa taratibu, bila kelele.

Lilipobaki "wa" na "Feruzi", Bi Masika alisimama. Alisahau kuinua mkono.

"Baba zangu, mama zangu. Ng'oeni yote, sina neno. Hilo moja niachieni. Hilo si la wimbo, ni la mtoto."

Niliona watu wakitafuta leso, na si kwa kujionyesha, maana watu wa Ridhaani wana huruma ya kweli. Akasimama mjumbe wa Jimbo la Kati, bwana mpole mwenye mikono mikubwa, akaenda ukutani.

"Bi Masika, unanijua. Feruzi alicheza na wanangu, alivunja dirisha langu mara ngapi? Nampenda. Lakini nikiliacha jina lake pale, nikirudi nyumbani majirani wataniuliza mbona Hemedi hakutajwa. Mbona Zuwena hakutajwa. Nitawajibu nini?"

"Wajibu kwamba mama zao hawajawapoteza."

"Nitakuwa nimewatonesha." Akalia waziwazi, na akalia huku akivuta msumari. Aliliweka lile neno kikapuni kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Mwingine akaondoa "wa", na ukuta ukawa mtupu. Wakapiga makofi. Nikadhani tumemaliza, ila kukasikika mlango, akaingia mjumbe aliyechelewa, amebeba koleo begani kama jembe. Alitoka jimbo la mbali, na gari lilimharibikia njiani.

"Limebaki neno gani?" akauliza, akihema.

"Hakuna, ndugu," akasema mwenyekiti.

"Hakuna! Nimesafiri kote huko nirudi na koleo kavu? Wale walionituma watasema nini?" Akaangaza macho ukumbini, yakatua kwenye kifuniko. "Basi napinga hicho."

"Sababu?"

"Kina kibonyeo."

Minong'ono ikaanza. Hoja ilionekana ina uzito. Bi Masika alikumbatia kifuniko chake kifuani. Yule bwana akamwendea, koleo mbele.

Sijui nilisimama lini. Najua tu kwamba nilikuta koleo langu mkononi, na nilipofika karibu nikalishika koleo la yule mjumbe kwa koleo langu, nikabana.

"Napinga," nikasema.

"Unapinga nini, mzee mgeni?" akauliza Mheshimiwa Shangama.

"Napinga koleo lake."

Walitazamana. Vitabu vya sheria vikafunguliwa, vikafungwa. Hatimaye mwenyekiti akasema halijawahi kutokea, lakini kwa kuwa hakuna aliyewahi kulipinga, linaruhusiwa. Ila lazima nitoe sababu.

Mimi si msemaji. Nikasema lile nililokuwa nalo.

"Nyumbani kwangu pako kimya. Nimekaa humo. Si mahali pa kupeleka taifa zima."

Kisha Ndugu Pazi akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Amepona!" akapiga kelele. "Mgeni wangu amepona! Ana pingamizi!" Ukumbi mzima ukasimama, watu wakanipa mikono, na mjumbe aliyechelewa ndiye aliyenikumbatia kuliko wote, ijapokuwa nilikuwa nimemkosesha kazi.

Hivyo ndivyo kifuniko kilivyosalimika. Wimbo wa taifa lile ukapitishwa ukiwa hauna neno hata moja.

Mashindano yalifanyika Jumapili mchana. Tulikusanyika ukumbini mbele ya televisheni kubwa, kamera ikiwa imewekwa upande wa pili. Nchi ya kwanza iliimba katikati ya moto. Ya pili ilikuwa na wachezaji wanaoning'inia kwa kamba. Nyingine ilileta farasi, ambaye nadhani aliimba vizuri kuliko bwana wake. Ilipofika zamu ya Ridhaani, Bi Masika alisimama peke yake na kanga yake ya kila siku, mwiko mkono wa kulia, kifuniko mkono wa kushoto.

Aliangalia kamera kama mtu anayetazama ng'ambo ya uwanja wakati wa jioni, mkono juu ya macho. Akagonga mara mbili. Akanyamaza. Nilijua ni kimya cha nini. Kisha akagonga mara tatu. Akarudia hivyo mpaka muda wao ukaisha.

"Safi sana," akanong'ona Ndugu Pazi. "Hakuna wa kuudhika hapo."

Wakaanza kusoma matokeo. Nchi ya farasi ilishinda. Mtangazaji alishuka orodha mpaka mwisho kabisa, akasema, "Ridhaani," na watu wa ukumbini wakaanza kushangilia kwa mazoea.

"Kura moja."

Makofi yakakatika.

"Moja?" akauliza Ndugu Pazi. "Moja ya nini?"

"Si niliwaambia!" akapaza sauti mjumbe aliyechelewa. "Si nilisema king'olewe!"

Mheshimiwa Shangama alipanda jukwaani. Alisahau kukohoa. "Ndugu wananchi, tulieni. Kuna mtu ametupenda. Tutamtafuta. Ninaunda Tume sasa hivi, na kila aliyekuwepo atahojiwa."

Nilimtafuta Bi Masika kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jukwaa, kanga imefunika mdomo, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Nilipomsogelea akanishika mkono.

"Kaitika," akasema.

Akanyanyuka, akachukua kifuniko, mwiko na kile kikapu cha maneno alichokuwa amekiacha nyuma ya mlango wa ukumbi tangu siku ya kikao, akatoka. Ndugu Pazi akamkimbilia.

"Mama, huwezi kuondoka, wewe ni shahidi!"

"Nina kazi jikoni."

Nilimsaidia kubeba kikapu. Siku ile mkaa ulikuwa umemwishia, akawasha moto kwa vile vipande vya mti. Niliona "limezama" likishika moto, kisha "mlango", kisha "hayupo", ambalo lilikuwa mti mbichi na likatoa moshi mwingi. Alipika wali, akakaanga samaki, akakuna nazi. Kipande chenye jina la Feruzi hakukichoma. Alikisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu nifike, na meza ikatulia.

Akapakua sahani tatu. Yangu ilikuwa na chumvi nyingi. Nilikula yote, polepole, na nilimkumbuka Asteria bila kulazimika kuangalia pembeni.

Tulikuwa bado mezani Tume ilipobisha hodi: Mheshimiwa Shangama mbele, Ndugu Pazi nyuma yake na mfuko wa kuhifadhia vielelezo.

"Bi Masika," akasema mwenyekiti kwa adabu, "una pingamizi?"

"Leo ninalo, mheshimiwa, nashukuru."

"Tume inakihitaji kifuniko. Ndicho kilichosababisha."

Bi Masika hakuinuka. Alielekeza kidole kwenye sahani ya tatu, upande wa meza unaotazama mlango, na pale juu ya ile sahani kilikuwa kimelala kifuniko cha bati chenye kibonyeo, mvuke ukitoka ukingoni.

"Kipo hapo," akasema. "Ila mtasubiri. Kimefunika chakula cha mtu."